Shukrani kwa mzee wa Willendorf

Mzee wangu uliyetusaidia pale Willendorf, Austria, asante sana, tena sana. Uliondoka kabla hatujakuuliza jina. Kiswahili hukijui, lakini nimeona wenzangu wausikie wema wako.

Mimi na binti yangu tulikuwa tukifuata njia ya baiskeli ya mto Danube, kipande cha EuroVelo 6 inayotoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, huku tukicheza geocaching, mchezo wa kusaka kwa GPS vikasha ambavyo wachezaji wengine wamevificha. Tairi la nyuma likapata pancha. Hukungoja kuitwa. Ulikuja na beseni la maji, ukazamisha tyubu na kuizungusha taratibu mpaka vipovu vikatokea karibu na valvu. Ukaikausha, ukapiga msasa, ukapaka gundi, ukasubiri ishike. Kiraka ukampa binti yangu akibandike mwenyewe, na hilo ndilo lililonigusa zaidi.

Ukatuelekeza pia mahali kilipochimbuliwa mwaka 1908 kile kisanamu cha mwanamke cha jiwe la chokaa, kirefu kama sentimita 11, chenye umri wa zaidi ya miaka 25,000. Chenyewe kimehifadhiwa makumbusho Vienna, lakini kusimama pale kilipotoka ni jambo jingine kabisa.

Kikasha tulikipata. Kwenye karatasi yake, chini ya majina yetu, binti yangu ameandika: “na babu aliyetuzibia pancha.” Mungu akupe afya njema na umri mrefu, babu yetu.