Kabla Hujatuita Wezi: CRP 48 na CRP 4.8 Zinaweza Kuwa Jibu Moja

Lalamiko hili halikauki. Mteja kapimwa CRP (C-reactive protein, protini ya kwenye damu) hapa kwenye maabara yetu kapata 48, kaenda maabara nyingine kapata 4.8, karudi na karatasi mbili mkononi anadai hela yake. Mara nyingi karatasi zote mbili ziko sahihi. Yetu imeandikwa mg/L, yaani miligramu kwa lita. Ile nyingine mg/dL, miligramu kwa desilita. Lita moja ina desilita 10, kwa hiyo 4.8 mara 10 ni 48. Herufi ndogo zilizo pembeni ya namba ndizo za kusomwa kwanza.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na maambukizi, jeraha au mchochota wowote (mwili unapovimba au kuwaka moto kwa kujilinda). Haitaji jina la ugonjwa wala mahali ulipo. Kwa kawaida huwa chini ya 5 au 10 mg/L, kutegemea maabara. Ikivuka 100 mara nyingi bakteria ndio hushukiwa, ila virusi vikali navyo huipandisha, na hata mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji hupanda siku ya 2 au ya 3 bila kuwa na tatizo lolote.

Kinachowaponza wengi ni muda. CRP huanza kupanda saa 4 hadi 6 baada ya mwili kuguswa na maambukizi au jeraha, kisha hufika kileleni kwenye saa 48 hivi. Ukija homa ikiwa na saa 2 tu, utapata namba nzuri isiyo na maana. Kushuka nako kuna mwendo wake: iliyomo kwenye damu hupungua nusu kila saa 19. Mwenye 160 leo hawezi kuwa na 5 kesho, hata dawa iwe kali namna gani. Inahitaji karibu siku 4, tena ini liwe limeacha kabisa kutengeneza nyingine. Wapo wanaopima kila asubuhi kisha wanabadilisha dawa kwa sababu "haishuki". Hao hulipia vipimo viwili na dawa mbili, na daktari hana tena cha kulinganisha.

Sasa bei. Ni kweli kuna kipimo cha lateksi cha bei nafuu kuliko chetu: tone la seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikiganda) na tone la lateksi (chembe ndogo zinazoshikana zikikutana na CRP) juu ya kioo, unayumbisha dakika 2, unatazama kama kuna chembe zilizogandana. Hicho kinasema ipo au haipo, na kwa kawaida hakioni chini ya 6 mg/L hivi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba CRP ikizidi sana, chembe hushindwa kugandana, na mgonjwa mahututi akaandikiwa "hakuna". Mtaalamu makini huizimua seramu na kurudia. Mwenye haraka harudii. Sisi tunaiacha damu igande, tunaizungusha ili seramu ijitenge, mashine inasoma kiasi kwa namba, na ikipita kikomo tunazimua na kusoma upya. Kila asubuhi tunapima kwanza sampuli za udhibiti ambazo viwango vyake vinajulikana. Hizo zinakula kitendanishi (kemikali ya kupimia) kabla mteja wa kwanza hajaingia, na ndiyo sehemu ya bei unayoilalamikia.

CRP ya moyo ni jambo lingine. Ni protini ileile ila mbinu yake inaona viwango vidogo: chini ya 1 mg/L hatari ya ugonjwa wa moyo ni ndogo, 1 hadi 3 ya kati, zaidi ya 3 kubwa. Usiipime ukiwa na mafua au jino linauma. Ikivuka 10, subiri angalau wiki 2 ukiwa mzima ndipo urudie.

Ukifika mapokezi tuambie kama unatumia prednisolone au dawa nyingine ya kutuliza kinga, kwa sababu huishusha. Ini lililochoka sana nalo hutoa kidogo. Ujauzito, unene, sigara na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha kiasi. Kufunga kula si lazima.

Mtu anayepumua kwa shida au aliyechanganyikiwa aende hospitali, CRP iwe 4 au 400. Na ukilitilia shaka jibu letu, usikimbilie maabara ya pili: seramu yako bado iko kwenye friji, njoo na karatasi tuipime upya ileile ukiwa umekaa hapo.