Watafiti wafunguliwe majalada ya benki zilizoanguka

Mhariri,

Chase Bank ya Kenya iliwekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa benki iliyoshindwa kujiendesha) Aprili 7, 2016, mara tu baada ya kutoa hesabu za pili za mwaka 2015, zikionyesha mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi wake kuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa awali. SBM, benki ya Mauritius, ilipoingia mwaka 2018 ilibeba asilimia 75 ya amana zilizozuiliwa. Wateja ambao robo ya amana zao ilibaki nyuma wana haki ya kujua mikopo ile ilithaminiwa vipi: ipi ilihesabiwa kuwa italipwa, ipi ilifutwa, na viwanja vilivyowekwa dhamana vilikadiriwa kwa bei ya mwaka gani. Naisihi Benki Kuu iwafungulie watafiti wa vyuo vikuu vyetu majalada hayo, kabla benki nyingine haijauzwa.

Mweka akiba,
Nairobi