Daraja la X si dhoruba

Mhariri,

Kila Jua linapolipuka kwa daraja la X, lililo la juu kabisa, vyombo vya habari hutangaza kwamba dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia, iko njiani na simu zitazimika. Herufi hiyo hupima kitu kimoja tu: ukali wa eksirei unaopokelewa na setilaiti za GOES, kilomita 36,000 juu ya ikweta. Eksirei hizo hufika kwa dakika nane na kuvuruga redio za masafa mafupi upande wa dunia ulio mchana. Mlipuko ukitokea kwetu ni usiku, redio zetu ziko salama.

Dhoruba ya sumaku huletwa na wingu la plazima, yaani gesi yenye chembe za umeme, linalorushwa na Jua, na si kila mlipuko hulirusha. Kuliona kunahitaji koronagrafu, yaani kamera yenye kisahani kinachoziba Jua ili mwanga hafifu wa pembeni uonekane. Chombo cha angani SOHO kimebeba moja tangu 1995; GOES-19 ya 2024 nayo inayo. Wingu linalotujia huonekana kama pete kuzunguka kisahani. Tatizo ni kwamba linalotukimbia nalo hutoa pete ileile, hivyo lazima picha za uso wa Jua zioneshe lilikotoka. Hapo mtabiri ana siku moja hadi tatu, na saa ya kufika aliyokokotoa bado inaweza kukosea kwa saa nyingi.

Lisilojulikana mpaka mwisho ni mwelekeo wa sumaku ndani ya wingu. Huo hupimwa na vyombo vilivyo pointi L1, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea Jua. Kipimo chenyewe ni Bz, yaani sehemu ya sumaku hiyo inayoelekea kaskazini au kusini. Kikielekea kaskazini, hata wingu la kasi hutuparuza tu. Kikielekea kusini, kikashuka chini ya hasi 10 nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) na kukaa hapo saa kadhaa, hiyo ndiyo habari ya kuchapisha. Upepo wa Jua wa kilomita 800 kwa sekunde huvuka umbali wa kutoka L1 hadi kwetu kwa nusu saa hivi. Mei 10, 2024, dhoruba ya kwanza ya daraja la G5, la juu kabisa kwa dhoruba za sumaku, tangu 2003 ilianza kugonga saa 17:05 za UTC, kwetu saa 2:05 usiku.

Kwa wapima ardhi: karibu na ikweta ya sumaku, mawimbi ya GPS huyumba baada ya Jua kutua hata likiwa tulivu, hasa Machi na Septemba. Kipokezi kikipoteza usahihi saa mbili usiku, tazameni kwanza Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia kuanzia 0 hadi 9. Ikiwa 2, msisingizie dhoruba. Rudieni kipimo asubuhi.