Barua kwa mwanangu: Rudi ukamsikilize mama lishe

Mwanangu,

Huku Morogoro hatujambo, baba yako anakusalimu. Juzi usiku ulinipigia ukilia kwamba una mahojiano 18 ya mama lishe kuhusu mikopo, ya utafiti wako, na hujui uanzie wapi kuyachambua. Kwenye simu nilikupa pole tu. Leo nimetulia nikuandikie.

Orodha yako ya mada nimeisoma: “Changamoto za mikopo”, “Faida za mikopo”, “Mapendekezo”. Mwanangu, hayo ni maswali ya mwongozo wako yamevaa nguo nyingine. Ungeweza kuyaandika kabla hujakanyaga sokoni. Mada itueleze jambo ambalo hukulijua siku ulipoondoka nyumbani na kinasa sauti.

Chukua kile kipande ulichonitumia bila jina: “Nikisikia pikipiki ya wale wa kausha damu, naacha ugali jikoni najificha. Mume wangu hajui.” Pembeni umeandika “ugumu wa marejesho”. Hebu kisome tena, polepole. Kuna mlio wa pikipiki ambao ameshaujua. Kuna chakula cha wateja kinachoachwa kiungue. Kuna deni analobeba peke yake na mume yumo humohumo ndani. Hiyo ni misimbo mitatu, yaani lebo fupi za maana unazoziandika pembeni ya maneno, katika sentensi mbili. Na “kausha damu”, jina la mtaani la mikopo ya riba kubwa, iache ilivyo, iwe msimbo kwa maneno yake mwenyewe. Ukiigeuza “riba kubwa”, hofu yake yote imepotea.

Zile hatua sita za kuchambua data kwa mada, walizoziandika watafiti Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006, usizipande kama ngazi. Utafika kwenye kuzipa mada majina, kisha mahojiano ya kumi na moja yatakurudisha mwanzo. Rudi, hujapotea. Wala usiandike kwamba mada “ziliibuka”. Wao wenyewe wanaikataa lugha hiyo. Unazijenga wewe, kwa hiyo kila jioni andika daftarini kwa nini umeunganisha hiki na kile. NVivo, ile programu ya kompyuta ya kuchambulia mahojiano, itakupangia mafaili, kufikiri ni kwako.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukosea vibaya. Nikiwa kwenye uzamili nilimhoji mama mmoja kuhusu foleni ya zahanati. Alijibu, “Nimezoea.” Nikatafsiri kwa Kiingereza kwamba ameridhika, nikaenda nalo hadi sura ya matokeo. Wiki mbili kabla ya kuwasilisha nikarudia kaseti. Baada ya “nimezoea” kuna pumzi ndefu, halafu kwa sauti ya chini: “Nitafanyaje?” Swali hilo nilikuwa nimeliruka wakati wa kunakili kaseti kwenye karatasi, kwa haraka zangu. Yule mama alinieleza shida yake, nami nilikaribia kuandika kwamba hana shida. Sura nzima niliifumua, na mpaka leo linanichoma.

Kwa hiyo chambua kwa Kiswahili walichokuambia, tafsiri mwishoni zile nukuu utakazozitumia tu. Kimya kiandike, kicheko kiandike. Na yule mmoja aliyesema mkopo ulimwezesha kununua friji usimwache nje kwa kuwa ni mmoja. Iulize data yako: yeye ana nini ambacho wenzake hawana.

Jumapili jioni nipigie. Usinisomee mada, nisomee mahojiano ya saba, yale uliyosema yanakuchanganya, kuanzia pale aliponyamaza. Jina lake usinitajie.

Mama yako