Mkitushauri gari la michezo la zamani, tuambieni tulale chini tuangalie bati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Ile makala yenu ya magari ya michezo ya zamani nimeisoma, na vijana wa kijiweni kwetu wameisoma pia, sasa hivi kila mmoja anataka Mazda MX-5 ya miaka ya tisini kwa sababu mmeandika ni bei poa, inatoka Japani, usukani uko upande wetu na ukishusha turubai jioni upepo wa bahari wote wako. Hapo sibishi, gari ni tamu. Ninachobishia ni ule ushauri wenu wa kuangalia kilomita na kusikiliza injini. Kwa gari hii huo ushauri utamtia mtu hasara, maana injini ndo kitu cha mwisho kufa, bati la bodi ndo linatangulia.

Injini tuimalize haraka. Zile za kwanza za 1989 zina 1.6, baadae 1993 ikaja 1.8, na hiyo 1.6 ni ukoo mmoja na injini za Mazda Familia ambazo mafundi wetu wamezifungua miaka na miaka. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000, na hata ukikatika barabarani valvu hazigongani na pistoni, unavutwa mpaka gereji unafunga mwingine maisha yanaendelea. Ukiiwasha asubuhi inagonga gonga huko juu, ni zile tapeti zinazotumia oili, mara nyingi ukimwaga oili chafu ukaweka safi zinatulia. Cha kuogopa ni kimoja tu, gari za mwanzo mpaka kwenye 1991 hivi zina krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) yenye pua fupi, yaani ile ncha ya mbele inayoshika puli, boliti ya puli ikilegea puli inaanza kucheza na kuila ile pua na hapo ni injini kushuka chini. Kuitambua hesabu mianya kwenye puli ya mbele, ikiwa 4 ni pua fupi, ikiwa 8 ni pua ndefu. Basi, injini imeisha.

Sasa bati. Hii gari haina paa, ina turubai, na mvua ikinyesha maji yanateremka nyuma ya turubai yanaingia kwenye mfereji uliojificha nyuma ya siti, kisha kuna tundu kila upande linayashusha mpaka chini yakatokee mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari ikilala chini ya muembe mwaka mzima, majani na vumbi vinaziba yale matundu, maji hayatoki tena, yanabaki yamekaa ndani ya lile boksi la bati chini ya mlango, na yanalila kutokea ndani. Nje huoni kitu! Rangi inang'aa, mlango unafunga vizuri, dalali anakuchekea. Kuna moja ililetwa mtaani kwetu, nyekundu, ya kupendeza kweli, kilomita chache, jamaa kafika nayo gereji fundi akaweka jeki pale pale panapowekwa jeki, jeki ikazama ndani na gari haijanyanyuka. Kumbe pale palikuwa puti na rangi tu, bati lilishaondoka zamani.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nenda na chupa ya maji na taa. Shusha turubai nusu, mimina maji taratibu kwenye kona ya nyuma ya siti halafu inama uangalie chini. Yakitoka mbele ya tairi la nyuma safi, yakitoka na ungaunga wa kutu au yasipotoka kabisa ujue unanunua kazi ya kuchomelea. Gonga kwa kidole eneo lote la chini ya mlango, bati lina sauti yake na puti ina sauti yake. Funua na zulia la buti, kwa sababu betri ya hii gari inakaa nyuma kwenye buti na inatakiwa ile iliyozibwa yenye mirija ya kutolea hewa nje, huku kwetu watu wanafunga betri yoyote inayoenea, tindikali inapumua mle ndani na sakafu ya buti inaoza.

Na kama unaagiza, ile karatasi ya mnada ya Japani ina mchoro wa gari wenye herufi, S ni kutu, C ni bati lililoshaanza kuliwa, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa. Watu wanasoma gredi tu wanaacha mchoro. Uliza pia gari imeishi wapi, ya Hokkaido imepita kwenye barafu na barabara za chumvi, halafu unaileta Dar ambako na hewa yenyewe ina chumvi.

Kodi nayo makala iliigusa kwa mstari mmoja, jamani. Gari ikizidi miaka 10 inapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha 25, ushuru wa bidhaa 5 kwa injini hizi, na VAT 18 inakuja juu ya hayo yote, kwa hiyo kodi peke yake inakaribia bei ya gari mpaka bandarini. Na thamani wanayotumia TRA ni ya kwao, sio ile ya risiti yako, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo chao kwanza kabla hujatuma hela. Mimi naona ni uonevu gari ya jumapili kwa jumapili kulipishwa uchakavu sawa na gari ya kila siku lakini hiyo ni barua nyingine.

Kuiendesha sio shida sana. Angalia tenki la juu la rejeta ile ya plastiki, likigeuka rangi ya udongo linakaribia kupasuka, badilisha kabla foleni ya Ubungo haijakubadilishia. Gia ikiwa nzito kuingia, chungulia silinda ndogo ya chini ya klachi, kuvuja ni ugonjwa wake na spea yake haiumizi. Taa za mbele za gari hii zinajificha ndani ya bodi, zikigoma kufunuka kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono kwenye mota yake. Matuta pita kwa upande, taratibu. Na kioo cha nyuma cha plastiki fungua zipu yake kabla hujakunja turubai, kikishakunjamana kwa jua letu hili hakirudi.

Mwandishi wenu akirudia hii mada naomba safari ijayo aende na fundi wa bodi, na zile picha za taa zimefunuka apunguze, atupigie moja ya chini ya mlango.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam