Tausi hana kiburi, shoga

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu baadaye, kwanza paka. Umeandika kwamba yule dume wako naye "kaambukizwa na mbwa", kutwa anachuchumaa kwenye majivu, analia, anatoa tone moja moja. Huyo hajaambukizwa na mtu. Paka dume anayejikamua hivyo huenda mrija umeziba. Mkojo ukikosa njia sumu inabaki mwilini, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Nimekupigia mara tatu hupatikani, nikampigia mwanao, nikamwambia ampeleke kwa daktari wa mifugo leo hii hii. Usimnyweshe kitu, wala usimminye tumbo.

Haya, mnaendeleaje? Mama mpe shikamoo yangu. Huku mvua zimeanza, milima ya Uluguru haionekani tangu juzi kwa mawingu, matandiko ya mbwa wangu Chausiku hayakauki, na barua yako imenikuta nimenuna juu ya beseni la kufulia.

Uliyoyaandika ya mbwa wako Tausi, kukojoa usingizini, ndiyo ya Chausiku miaka miwili iliyopita. Analala pakavu, anaamka pamelowa, na mwenyewe anashangaa kama wewe. Akiwa macho anaomba kutoka, anakojoa nje vizuri tu. Unasema unamchapa kandambili kwa sababu ameota kiburi. Sikusemi, maana mimi wangu nilimfungia nje siku tatu kwenye baridi ya Juni kwa kosa hilohilo, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Hajui kama anakojoa, shoga. Mbwa jike aliyetolewa kizazi hupungukiwa homoni inayosaidia mlango wa kibofu kubana. Akisinzia misuli inalegea, mkojo unajipitia. Huwapata zaidi wenye miili mikubwa, na yaweza kuanza miaka kadhaa baada ya upasuaji, kwa hiyo mtu haunganishi mambo hayo mawili. Tausi alifanyiwa lini vile? Si kabla hujahamia Tanga?

Lakini usichukue maneno yangu ukaishia hapo, maana si kila mbwa anayelowesha mkeka ana tatizo hilo. Pima maji anayokunywa. Sufuria yake naijua, kuku wako wote wananywea humo, basi muwekee yake mahali kuku hawafiki. Asubuhi mimina lita 3 kwa ile chupa ya lita moja na nusu, kesho yake saa ileile pima kilichobaki. Fanya hivyo siku tatu. Mbwa akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ana jambo jingine: pengine kisukari, pengine figo. Chausiku alikuwa na kilo 22, kwa hiyo mpaka wake ulikuwa lita 2 na kidogo. Alikunywa lita moja na robo. Na usije ukamnyima maji ati apunguze kukojoa. Mimi nilijaribu, mkojo ukawa mzito, ukanuka mara mbili, na kama figo zimechoka ndiyo unazimaliza.

Baada ya maji, mkojo wenyewe. Nilimvizia alfajiri na upawa wa zamani, akichuchumaa tu nakinga. Jirani akachungulia juu ya ua akauliza kama nyumbani kuna amani. Nikaumimina kwenye chupa safi, nikauwahisha hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Walitazama sukari, damu na vijidudu, maana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tunayougua sisi na wao wanaugua, na hiyo ina matibabu yake. Kwa Chausiku havikuonekana.

Sasa hizo dawa za asili ulizouliza. Nimezipitia karibu zote. Ndevu za mahindi nilizichemsha, nikapoza, nikachanganya kwenye uji wa dona. Alizipenda mno. Ila ndevu za mahindi tangu enzi za bibi zetu watu wanazinywa ili mkojo utoke, nami nilikuwa nataka usitoke! Wiki hiyo nilifua asubuhi na jioni. Mbegu za maboga nikazikaanga bila chumvi, nikazisaga, kijiko kimoja kwenye chakula kwa mwezi mzima. Hazikumdhuru, na hazikubana chochote. Hicho kitunguu saumu alichokuambia muuza dawa, achana nacho kabisa. Kitunguu saumu na kitunguu maji vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kwa paka ni vibaya zaidi. Vidonge vyetu vya maumivu navyo usithubutu. Diklofenaki inachubua tumbo la mbwa na kuharibu figo, na paracetamol kwa paka ni sumu.

Cha nyumbani kilichosaidia kweli ni kumpunguzia chakula. Nilikuwa namshindilia mabaki ya pilau na ngozi za kuku, akawa kama pipa, na unene unakizidishia kibofu mzigo. Sasa ana kilo 19. Halafu namtoa saa nne usiku kabla sijafunga mlango, na alfajiri kabla hata sijanawa uso.

Mengine ni kazi ya mikono. Chini naweka kipande cha turubai, juu yake gunia, juu kabisa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, nabadilisha kila siku. Mkeka wa ukindu usiuweke, ukishanyonya mkojo ndiyo basi tena. Harufu naitoa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha jua. Usimwage klorini juu ya mkojo, hewa inayotoka hapo inakaba kifua. Yeye mwenyewe namwosha nyuma na mapajani kwa maji ya uvuguvugu, namkausha sawasawa, nampaka mafuta ya mgando kidogo tu, ngozi isiungue. Manyoya ya huko nimeyapunguza kwa mkasi. Hili usilifanyie mchezo na joto lenu la Tanga: nzi wakimwona ana majimaji watataga, na ukishtuka ni funza. Nepi ya mtoto nilimvalisha, nikatoboa tundu la mkia. Majirani walicheka wiki nzima, na usipoibadilisha kila baada ya saa chache inamuunguza kuliko mkojo wa wazi. Nikaiacha.

Kilichomkausha hasa ni vidonge alivyoandikiwa, fenilpropanolamini, vinavyoukaza ule mlango. Siku ya tano nikagusa kanga asubuhi, kavu. Nikaigusa tena. Havikuniponyea mbwa, anameza kila siku, navificha kwenye kipande cha maini. Wala si vya kununua kwa kukisia, vinaweza kupandisha presha, na mbwa mwenye moyo mgonjwa havimfai, kwa hiyo walimpima kwanza na huwa namrudisha. Kuna na vya homoni, daktari ndiye atachagua. Siku nikisahau, kanga inanikumbusha.

Niandikie lita za Tausi zikitoka, na habari za paka usingoje barua, nitafute kwa simu. Tena, kama una kanga zilizochakaa nitumie kwa basi. Zangu zimebaki tatu, na moja ni ile sare ya harusi yako. Sitaki kuitandikia mbwa, lakini mvua ikiendelea hivi siahidi.

Wako,
shoga wa Morogoro