Kabla hamjatia saini

Houston, Jumapili jioni

Mama Rehema mpenzi,

Salamu zako zimefika, nasi wote wazima. Swali lako nimelizungusha kichwani tangu jana: jirani wa nyumba mnayoitaka kageuza banda la gari kuwa gereji ya biashara, na magari mabovu matatu yamelala uani. Mkihamia, mumshitaki wapi, kwa jiji au kwa chama cha wenye nyumba?

Hapo Houston huwachanganya wengi. Sheria ya kugawa jiji sehemu za makazi na za biashara wapiga kura waliikataa 1948, wakaikataa 1962, wakaikataa tena 1993. Kinachomzuia mtu kugonga mabati chini ya dirisha lako ni masharti ya hati ya mtaa, yaani kanuni zilizoandikwa kwenye hati za viwanja na zinazomfunga kila mnunuzi, na jiji, kupitia wanasheria wake, laweza kumpeleka mahakamani anayeyavunja. Kwingi Marekani mngeambiwa hayo mkamalizane wenyewe. Ila jiji hushika baadhi tu, kama makazi kugeuzwa biashara, jengo kusogezwa mno barabarani, kiwanja kukatwakatwa. Rangi ya mlango ni ya chama.

Na chama hicho, we acha tu! Mwaka jana nililetewa barua yenye picha ya pipa langu la taka, limesimama nje siku moja baada ya gari la taka kupita. Picha imenyooka utadhani ya pasipoti. Nikapewa siku za kujirekebisha, nikaliingiza ndani, yakaisha. Kwa sheria ya Texas hawawezi kuipiga mnada nyumba yako kwa sababu ya faini peke yake. Ada ya chama ndiyo ya kuogopa: ikilimbikizwa bila kulipwa, nyumba inaweza kupigwa mnada. Gombaneni nao mnavyotaka, lakini ada lipeni.

Kwa hiyo chukueni nakala ya masharti kwa karani wa kaunti, ofisi inayotunza hati za ardhi, na mtazame yanakoma lini. Mengine yana kikomo, na yakishakufa hata jiji haliwezi kumshika jirani yenu kwa masharti hayo.

Msiishie ukurasa wa kwanza. Yangu yalipigwa taipu zamani, na ukurasa wa pili kuna kifungu kinachosema mtu mweusi asiishi mtaani humu isipokuwa awe mtumishi. Nilikisoma jikoni kwangu, mwiko mkononi. Mahakama ya Juu ilizikataza mahakama kutekeleza vifungu vya namna hiyo mwaka 1948, na sheria ya makazi ya 1968 ikavipiga marufuku, lakini maneno yenyewe bado yamekaa pale, wino haujafifia. Baba Salim aliniuliza nacheka nini.

Nitumie nakala yenu ukiipata, nami nitaipitia usiku watoto wakilala. Saini ya Ijumaa isubiri mpaka nikupigie.

Wako,
Mama Salim